Dodoma: Vivutio vya Nchi Kavu

Jiji la Dodoma limekaa katikati ya uwanda wa juu wa Tanzania, mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 570 hivi. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi jekundu. Mgeni aliyezoea miji ya pwani, yenye fukwe, boti na upepo wa bahari, hufika hapa akaona mawe, mibuyu na anga pana, akadhani hakuna cha kutazama. Ukweli ni kwamba karibu kila kinachofaa kutazamwa Dodoma na viunga vyake kimetokana na ukavu huohuo: michoro iliyodumu kwenye mapango makavu, nyumba zenye paa la udongo, zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, na mabaki ya miradi iliyoshindwa kwa sababu walioianzisha hawakuielewa ardhi hii.

Hata jina la mji lina habari ya maji. Wagogo, wenyeji wa eneo hili, husimulia kuwa tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa matopeni na kudidimia. Walioshuhudia wakasema kwa Kigogo "idodomya", yaani amezama. Wajerumani waliojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam walifika hapa mwaka 1910, na reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mji ulikua kandokando ya stesheni. Mpaka leo stesheni ya zamani na hoteli kongwe inayotazamana nayo ndiyo mahali pazuri pa kuanzia matembezi, kwa kuwa kutoka hapo mji mkongwe wote hutembeleka kwa miguu asubuhi moja. Anayekuja kwa treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, hushukia stesheni mpya nje ya katikati ya mji, na safari kutoka Dar es Salaam huchukua takribani saa nne.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ilichukua miaka mingi. Bunge lilihamia mwaka 1996, serikali ikaanza kuhamia kwa kasi baada ya tangazo la Rais John Magufuli mwaka 2016, na Aprili 26, 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa hiyo Dodoma ina sura mbili: mtaa wa zamani wa reli wenye maduka ya mabaraza na miti ya vivuli, na jiji jipya la barabara pana, ofisi na viwanja vilivyopimwa ambalo limeenea hadi Mtumba, ulipo Mji wa Serikali.

Jengo linalotazamwa zaidi katika sura hii ya pili ni Ukumbi wa Bunge, uliofunguliwa mwaka 2006. Umbo lake limeigwa kutoka kwenye msonge, nyumba ya duara yenye paa la kuchongoka. Ni jengo la kupendeza, ingawa msonge si nyumba ya watu wa hapa; Wagogo hujenga tembe. Wakati wa vikao raia huruhusiwa kukaa ukumbi wa wageni na kusikiliza mijadala, alimradi wafuate utaratibu wa vibali, wawe na vitambulisho na wavae mavazi ya heshima. Shule nyingi huleta wanafunzi, na ni ziara inayostahili kuigwa na watu wazima pia, kwa sababu mjadala unaosikilizwa ana kwa ana una mengi ambayo redio haiyabebi.

Msikiti wa Gaddafi, wenye kuta nyekundu na minara inayoonekana kutoka mbali, ulifunguliwa mwaka 2010 na unaweza kuchukua waumini wapatao 3,000. Ulijengwa kwa msaada wa Libya na ni miongoni mwa misikiti mikubwa zaidi nchini. Katikati ya mji yapo makanisa makuu ya Kikatoliki na ya Kianglikana, na hili la pili linatambulika kwa kuba lake. Bustani ya Nyerere, yenye sanamu ya Mwalimu, ni pa kupumzikia jioni jua linapopoa. Anayependa mawe aende kwenye makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambako sampuli za miamba, madini na visukuku vya nchi nzima vimepangwa kwa namna ambayo hata mtoto wa shule ya msingi ataelewa. Ni makumbusho madogo na watu wengi wa mjini hawajui kuwa yapo.

Kupanda Mlima Simba pembezoni mwa mji hakuhitaji vifaa vyovyote ila viatu vizuri na chupa ya maji. Kama vilima vingine vya uwanda huu, ni lundo la mawe makubwa ya itale, yaani graniti, miongoni mwa miamba mikongwe kabisa ya Afrika. Jua la mchana na baridi ya usiku huyatanua na kuyasinyaza mawe hayo mpaka yanapasuka na kubanduka matabaka, ndiyo maana mengi yana umbo la mviringo na mengine yamekaa juu ya mengine kama yaliyopangwa kwa mkono. Afadhali kupanda alfajiri. Kutoka juu mji huonekana wote, na wakati wa kiangazi vimbunga vidogo vya vumbi huonekana vikikimbia kwenye tambarare kama moshi.

Zabibu ni sifa nyingine ya Dodoma, nayo ina asili ya kigeni. Miche ya kwanza ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, na misheni ya Bihawana, kusini-magharibi mwa mji, ndiyo inayotajwa kuwa chanzo chake. Mzabibu hupenda jua na hewa kavu, maana unyevu huleta ukungu unaoozesha matunda. Tena huku karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuulaza, hivyo mkulima akipogoa kwa wakati huvuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Wakulima wa Ulaya huvuna mara moja tu. Mashamba yako Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na Makutupora, ambako pia kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Katika misimu hiyo barabara hujaa wauzaji wenye ndoo na mabeseni ya zabibu nyekundu, na viwanda vya mvinyo hupokea mzigo usiku na mchana. Zabibu ya mezani na ile ya mvinyo si moja, na muuzaji mwaminifu humwambia mnunuzi tofauti yake kabla hajaonja.

Barabara ya kwenda Dar es Salaam, kilomita 30 na ushei mashariki mwa mji, inapita Chamwino. Hapa ndipo Mwalimu Nyerere alipokuja kufyatua matofali na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Operesheni Dodoma ya kuwakusanya watu vijijini, na hapa ndipo ilipo Ikulu mpya iliyozinduliwa Mei 2023. Mpenda utamaduni, hata hivyo, huja Chamwino kwa ajili ya muziki. Wagogo ni miongoni mwa jamii chache za Afrika Mashariki ambazo uimbaji wake wa sauti nyingi kwa pamoja umesomwa na wataalamu wa muziki duniani. Wanawake hupiga ngoma za muheme wakiwa wamezibana katikati ya mapaja, jambo lisilo la kawaida katika nchi ambayo mahali pengi ngoma ni kazi ya wanaume. Zeze na marimba za vidole, ambazo wenyewe huziita ilimba, huandamana na sauti za watu wazima na watoto. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliubeba muziki huu hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, Asia na Marekani. Vikundi vya ngoma vya Chamwino na vijiji jirani bado vipo hai, na tamasha la muziki wa Wagogo linalofanyika hapo ni nafasi nzuri ya kuvisikia kwa pamoja.

Tembe ya Kigogo sasa imekuwa adimu. Kuta zake ni za miti iliyokandikwa udongo, paa lake ni bapa na limefunikwa udongo pia, na vyumba vyake hupangwa kuzunguka ua wa ng'ombe. Paa la namna hiyo lingeporomoka mwaka wa kwanza mahali penye mvua ya Bukoba. Hapa lilifaa: lilizuia joto la mchana, halikupeperushwa na upepo, na juu yake palianikwa mtama, uwele na majani ya mlenda. Bati limechukua nafasi yake kila upande, na si haki kumlaumu mwenye nyumba aliyechoka kulirekebisha paa la udongo kila masika. Lakini vijijini mbali na lami bado zinaonekana, na mgeni akipiga hodi vizuri hukaribishwa ndani. Kijiji cha Makumbusho Dar es Salaam nacho kina mfano wake. Chakula cha kuonja ni ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda. Kitoweo hicho hukaushwa msimu wa mvua ili kiliwe mwaka mzima, hivyo nacho ni zao la ukame.

Mashariki zaidi, kilomita zisizofika 100 kutoka Dodoma, ni Kongwa, mahali penye historia mbili nzito. Ya kwanza ilianza mwaka 1947. Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, iliamua kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake Tanganyika, na Kongwa ikawa makao ya kazi hiyo. Yaliletwa matrekta yaliyotumika, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Mibuyu haikung'oka kirahisi. Vichaka viliumiza mashine. Udongo ulipokauka baada ya mvua ukawa mgumu kama tofali, karanga zikabaki ardhini hazichimbuliki. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mradi baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Wenyeji waliokwishaishi na njaa za Ugogo vizazi na vizazi wangeweza kueleza tangu mwanzo kwamba mvua ya hapa haina ahadi. Sehemu ya ardhi ile sasa ni ranchi ya ng'ombe ya taifa, matumizi yanayolingana zaidi na tabia ya nchi.

Historia ya pili ni ya heshima. Mwaka 1964 majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga yaligeuzwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola walikuwa na wapiganaji wao Kongwa, chini ya ulinzi wa Tanzania na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Samora Machel na Sam Nujoma, waliokuja kuwa marais, ni miongoni mwa majina yanayohusishwa na kambi hiyo. Baadhi ya majengo na makaburi ya wapiganaji bado yapo. Ni kivutio chenye uzito kuliko vingi vinavyotangazwa nchini, na kinastahili kutunzwa na kuelezwa vizuri wakati wazee walioishi na wapiganaji hao wangali hai.

Ng'ambo ya mlima Kiboriani iko Mpwapwa. Kabla ya reli, Mpwapwa ilikuwa kituo maarufu kuliko Dodoma yenyewe. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapa na kujaza vibuyu, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na pori la Marenga Mkali, lililopewa jina kwa ajili ya ukali wa maji yake machache. Baada ya pori hilo msafara uliingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo. Wasafiri wa Kizungu kama Burton na Stanley waliilalamikia hongo hiyo katika vitabu vyao, lakini visima vilivyochimbwa kwenye ardhi kavu vilikuwa na wenyewe, na aliyetaka kunywesha mamia ya wapagazi alipaswa kulipa. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876. Mwaka 1889 Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, aliishambulia na kuiteketeza ngome yao hapa. Leo Mpwapwa ni mji mtulivu wenye chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa mifugo kilichozalisha aina ya ng'ombe iitwayo Mpwapwa.

Kusini, barabara ya Iringa inapita juu ya Bwawa la Mtera, lililojengwa kwenye mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme. Kituo chake kina uwezo wa megawati 80. Wasafiri husimama kununua samaki na kutazama miti mikavu iliyosimama majini. Magharibi, ukipita Bahi na mashamba yake ya mpunga kwenye bonde lililokuwa ziwa zama za kale, barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Kilimatinde, boma la zamani la Wajerumani lililo juu ya ukuta huo, lina mandhari ya kutazama tambarare ya Bahi ambayo haina mpinzani katika kanda yote ya kati. Anayeendelea hadi Singida atakuta maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, yaliyozungukwa na mawe makubwa, na misimu mingine yenye heroe.

Kaskazini ndiko kwenye kivutio kikubwa kuliko vyote. Kilomita 180 hivi kutoka Dodoma, katika Barabara Kuu ya Kaskazini iendayo Babati na Arusha, kuna kijiji cha Kolo, wilaya ya Kondoa. Kwenye miteremko ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika eneo la kilomita za mraba 2,336, kuna mapango zaidi ya 150 yenye michoro ya kale. Mengi si mapango ya kuingia ndani. Ni mawe makubwa yaliyoinama na kufanya kivuli, na ukuta wa nyuma ndio uliochorwa. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Michoro myekundu ndiyo ya zamani. Ilichorwa kwa udongo wenye madini ya chuma uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikiza, huenda mafuta ya wanyama. Inaonyesha twiga, pofu, tembo na watu warefu wembamba, wengine wenye vichwa vya ajabu kana kwamba wamevaa vinyago au nywele zilizosukwa. Inahusishwa na wawindaji na waokota matunda, na Wasandawe, jirani wa Kondoa wanaozungumza lugha yenye vidoko, hudhaniwa kuwa na undugu na wachoraji hao. Michoro myeupe, ambayo mara nyingi imepakwa juu ya myekundu, ni ya baadaye, na hudhaniwa kuwa kazi ya wakulima na wafugaji. Uchoraji huo ulidumu kwa angalau miaka 2,000, lakini watu wameishi kwenye mapango haya muda mrefu zaidi. Katika pango la Kisese zimechimbuliwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000.

Mary Leakey, mtafiti anayefahamika zaidi kwa kazi yake ya Olduvai, alitumia miezi kadhaa ya mwaka 1951 kunakili michoro hii na akachapisha kitabu juu yake mwaka 1983. Mchoro mmoja wa Kolo unaonyesha watu watano, huyu wa katikati akishikwa mikono na wenzake wa pande mbili. Leakey aliuona kama tukio la kumteka mtu. Wengine wameulinganisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo mchezaji hupandisha na wenzake humshika asianguke. Mtazamaji akisimama mbele yake akiwa anajua maelezo yote mawili huona zaidi ya mistari.

Mungumi wa Kolo, mwamba wenye mapango matatu yaliyo karibu karibu, bado ni mahali pa matambiko. Wazee hupanda kuomba mvua, uponyaji na ulinzi wa kijiji. Jambo hilo, kwamba mahali pa kale pangali na kazi yake kwa wanaoishi hapo, ni sehemu ya sababu za kutambuliwa na UNESCO. Mgeni akikuta tambiko hungoja mpaka limalizike.

Safari ya Kondoa pia inaonyesha jeraha la ardhi na namna lilivyotibiwa. Vilima vya Warangi, wenyeji wa Kondoa, vilikuwa vimekatwa na makorongo makubwa kutokana na ukataji miti na malisho ya kupita kiasi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Wafugaji waliumia kwa uamuzi huo. Miti ilirudi, na makorongo mengi sasa yamefunikwa na majani.

Michoro haiwezi kurudi kama miti. Baadhi ya watu wamechimba sakafu za mapango wakitafuta mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani, na hawajaambulia kitu ila kuvuruga tabaka za udongo ambazo watafiti wangezisoma. Wengine humwagia ukuta maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Maji hayo hubeba chumvi zinazofunika mchoro ukutani, nayo rangi hutoka kidogo kila mara. Anayekwenda Kolo aanzie kwenye ofisi ya mambo ya kale kijijini, alipe kiingilio, apewe mwongozaji, apande asubuhi kabla ya jua kali, na asiguse ukuta. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri, njia zikiwa kavu na nyasi zikiwa fupi.